Saa ya Mkwe

Mimi ni hamali wa stesheni ya Ketapang, shati jekundu, namba kubwa mgongoni. Kazi yangu ni kubeba mizigo ya watu kutoka kwenye treni hadi kwenye feri. Mwendo wenyewe ni wa kuvuka barabara na kukata kona, ndiyo maana kila abiria huona namwibia. Treni za Java zinaishia kwetu. Mbele ya reli kuna ukuta, nyuma ya ukuta barabara, halafu geti la bandari, halafu maji, na ng'ambo ya maji ndiyo Bali, karibu kiasi kwamba asubuhi isiyo na ukungu unaona moshi wa majiko yao. Feri zinakwenda na kurudi usiku na mchana bila kupumzika, isipokuwa siku moja tu kwa mwaka.

Siku hiyo ni Nyepi. Watu wa Bali hunyamaza tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili asubuhi ya kesho yake. Hawawashi moto wala taa, hawafanyi kazi, hawatoki nje, na wenye kushika sana hawali wala hawasemi. Kisiwa kizima kinafungwa kama duka la mtu aliyefiwa. Bandari yao ikifungwa na yetu inafungwa, jioni ya siku iliyotangulia, na aliyechelewa anabaki kwetu, apende asipende.

Mke wangu, Nengah, ni wa huko. Alivuka na feri ya usiku miaka kumi na minane iliyopita, na bunda moja la nguo na mimi. Kwenye kitambulisho ni Mwislamu, tulioana hivyo, anaswali na anafunga. Lakini Nyepi ikifika huizima nyumba, akakaa kimya toka asubuhi mpaka asubuhi, nami simwulizi kitu. Majirani walipouliza niliwaambia mwanamke akinyamaza siku nzima nyumbani kwangu hiyo ni neema, nani aikatae? Wakacheka, yakaisha.

Baba yake hakucheka. Jina lake I Made Tantra, mkulima, mfugaji wa majogoo wa kupigana. Binti yake alipotoroka naye hajanitia machoni, alituma neno kwa mdomo wa ndugu yake kwamba nyumba ya mtu huyo hataiingia hata mawe yakinyesha. Tangu hapo hajatuma lingine. Mama mkwe alipokufa tulipata habari wiki mbili baadaye kutoka kwa dereva wa lori. Nengah alisimama dirishani, dirisha letu linatazama maji, akasimama mpaka giza likaingia. Hata mtoto wetu pekee tulimzika bila babu yake kujua kwamba alizaliwa. Kwa hiyo mtu akiniuliza mke wangu alitaka nini katika dunia hii, nitamjibu bila kufikiri: alitaka baba yake amjibu neno moja.

Mwaka ninaousema Nyepi iliangukia mwisho wa Ramadhani, Idi ikiwa mlangoni. Java nzima ilikuwa njiani kurudi makwao. Malori yalipanga foleni mpaka nje ya mji, nyumba za wageni zilijaa hadi kwenye varanda, na treni ya mchana ikachelewa kwa sababu mvua ilishusha udongo kwenye reli huko milimani. Ilipoingia, geti la bandari lilikuwa limeshafungwa. Abiria walishuka wakikimbia, nami nikakimbia nao nikijua ni bure.

Mzee mmoja hakukimbia. Alisimama jukwaani na kikapu mkononi, ndani ya kikapu jogoo, akitazama saa yake ya mkono kwa hasira.

"Saa kumi na mbili na robo," aliniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyefunga geti.

"Kwetu ni kumi na moja na robo, mzee. Umesahau kurudisha saa nyuma."

"Sijasahau. Sijawahi kuirudisha na siirudishi. Bali iko mbele kwa saa moja, Java iko nyuma. Nije nyuma kwa nini?"

Wazee wa namna hiyo nimewabeba wengi, na nilikuwa na jibu langu tayari. Halafu akageuza kichwa kutazama upande wa maji, nikaliona sikio la kushoto. Lilikuwa limekatwa ncha. Nengah amenisimulia habari za sikio lile zaidi ya mara moja, jinsi jogoo mmoja alivyolikata kwa wembe aliofungwa mguuni, na baba yake akamsifu jogoo.

Jibu langu nililimeza. Nikamwuliza anatoka wapi, akasema Jember, kumwona mwanawe mkubwa na kuchukua jogoo. Nikamwuliza jina. Alipolitaja niliomba radhi nikakimbia nyumbani, ambako ni nyuma tu ya stesheni, ukivuka reli ya pili.

Nengah alikuwa akipanga vyombo vya futari. Nilimwambia. Aliweka bakuli chini polepole, kama anaogopa litalia.

"Unajua hoteli zote zimejaa," nilisema. "Nimlete bila kumwambia ni kwa nani. Akishaingia atafanya nini?"

"Hapana, Mas," alisema, hivyo ndivyo wake wa Java huwaita waume zao. "Mwambie ni kwangu. Akikataa akatae anajua."

Basi nikarudi nikamwambia. Mzee alinitazama kutoka kwenye ndala mpaka kwenye kofia, akachukua muda wake.

"Kwa hiyo wewe ndiye."

"Ndiye mimi."

"Nilidhani mrefu zaidi," alisema, akaenda kukaa kwenye benchi, kikapu magotini, mgongo kwangu.

Sikumtega, nataka hilo lijulikane. Nilizunguka nyumba za wageni zote mwenyewe, miguu yangu, kwa saumu yangu, nikamtafutia hata kona ya kulala, nikakosa. Nikampelekea wali aliopika binti yake, wenye pilipili. Alikula nusu, nusu akampa jogoo, akanirudishia sahani bila neno. Usiku ule stesheni ilikuwa kama soko. Watoto walilipua fataki, televisheni ilipiga kelele kwenye kibanda cha chai, mabosi wa malori waligombana kwa simu, na kipaza sauti kiliendelea kutangaza kwamba bandari imefungwa kwa watu waliokuwa wakiitazama imefungwa. Nilijua anachokiwaza. Alfajiri ikifika, Nyepi itamkuta hapo kwenye benchi, katikati ya fataki na moshi wa sigara, na Nyepi ikishaingia mahali ilipomkuta mtu ndipo anapokaa.

Nilirudi kutoka msikitini baada ya swala ya alfajiri nikamkuta amesimama mlangoni kwetu na kikapu chake.

"Mmezima taa?"

"Kila kitu."

"Redio ya jirani?"

"Jirani amekwenda kwao kula Idi."

Alitazama saa yake. "Siingii kwa sababu yenu," alisema. "Naingia kwa sababu ya siku."

Alivua viatu, akavuka kizingiti, akaweka kikapu pembeni, akakaa kwenye mkeka akilielekea dirisha. Kisha akafunga mdomo.

Nengah alitoka jikoni. Alikuwa amevaa nguo zake nzuri, nami ndipo nilipojua kwamba hakulala. Alipiga magoti mbele yake, viganja vimekutana usoni, akaanza kusema. Maneno aliyoyaweka miaka kumi na minane yalitoka yote. Alimwomba radhi kwa kuondoka usiku. Alimwambia kwamba asingetoroka angezuiwa, na angezuiwa angekubali, na ndiyo maana alitoroka. Alimweleza habari za mtoto, jina lake, siku alizoishi. Alimwambia kuhusu dirisha na kuhusu mama.

"Bapa, nijibu," alisema. "Hata kama ni matusi. Nitukane nisikie."

Mzee alitazama maji. Uso wake ulikuwa mgumu kama kibao cha kufulia. Nengah aliendelea, akarudia, akanyamaza, akaanza tena, mpaka saa yetu ya ukutani ikafika kumi na mbili kamili. Hapo alisimama, akaenda kukaa kwenye kona yake ya kila mwaka, akafunga mdomo naye. Nyepi yake ilikuwa imeingia.

Nilitamani kumshika yule mzee ukosi nimtoe nje, yeye na jogoo wake. Mtu gani anapigiwa magoti na mwanawe asiseme hata "kumbe"? Lakini nimtoe vipi, siku hiyo, mbele ya mke wangu? Na mke wangu nimwambie nini, wakati hawezi kunijibu mpaka kesho? Nilikaa katikati yao kama mzigo usio na mwenyewe.

Kuna kimya kinachopumzisha mtu, na kuna kile cha siku ile. Nyumba yetu ina chumba kimoja cha kukaa, na siku hiyo nilisikia kila tumbo lililonguruma ndani yake. Nilisikia saa ya ukutani. Mara kwa mara jogoo aliwika, yeye hakuwa na dini, na kila alipowika mzee alifumba macho kwa aibu. Kabla ya adhuhuri nilishindwa nikatoka, lakini nje palikuwa pabaya zaidi. Watu waliokwama walikuwa wametandika mikeka mpaka juu ya reli ya akiba, akina mama wanapepea watoto kwa vipande vya boksi, geti limefungwa kwa mnyororo, na nyuma ya geti feri zetu zimefungwa kamba moja ubavuni mwa nyingine. Hamali mwenzangu aliniuliza kama ni kweli mkwe wangu amekuja. Nilimwambia amekuja na jogoo, nikarudi ndani.

Nilipomtazama mzee vizuri nikaona kwamba mfungwa mkubwa alikuwa yeye. Mimi ningeweza kutoka. Yeye alikuwa ameingia nyumba aliyoapa kutoiingia, na sheria yake mwenyewe ikafunga mlango nyuma yake. Hawezi kuondoka, hawezi kusema, hawezi hata kujishughulisha na kamba ya kikapu, maana hiyo nayo ni kazi. Alikuwa na kwao mbele ya macho, ng'ambo ya maji, na hakuna la kufanya ila kutazama.

Mchana jua lilifika dirishani likampiga usoni. Hakusogea. Nengah aliinuka, akatundika kitambaa kwenye nusu ya dirisha, nusu tu, ili kivuli kimfikie na bado aione Bali. Alipogeuka kurudi kwenye kona yake nilimwona mzee akimtazama mgongoni. Alimtazama muda mrefu, na alipogundua namwona akarudisha macho kwenye maji haraka. Nengah hakuona. Macho yake yalikuwa chini, makavu, ya mtu ambaye ameshajibiwa.

Adhana ya magharibi ilipolia nilifuturu gizani. Tende na maji baridi. Nengah alichukua tende moja nasi tukala bila kutazamana. Nyingine tatu niliziweka kwenye kisahani mbele ya mzee. Alikisogeza kwangu kwa vidole viwili, si kwa dharau, kama mtu anayerudisha kitu asichoweza kukilipia. Upande wa Bali hapakuwa na nuru hata moja. Siku nyingine ufuko wao huwaka taa kutoka mwanzo hadi mwisho, usiku ule ungeapa hakuna kisiwa. Tulilala hapohapo kila mtu alipokuwa.

Asubuhi kulikuwa kumeanza kupambazuka niliposikia honi ya feri. Bandari ilikuwa imefunguliwa. Kelele zikapanda nje mara moja, malori yakawasha injini, watu wakaitana. Mzee alitazama saa yake ya mkono. Akakohoa, akajaribu sauti, ikakataa, akajaribu tena.

"Nengah," alisema.

Mke wangu alinyanyua kichwa. Mkono ukaenda mdomoni ukabaki hapo.

"Jana uliponiambia yale, siku ilikuwa imeshaingia. Sikuweza kujibu. Nilisikia yote. Nimekaa nayo kutwa yananiuma." Kwao, asubuhi ya baada ya Nyepi watu huendeana kuombana radhi, na kwa kawaida mdogo ndiye humwendea mkubwa. "Leo naanza mimi. Hukuondoka mwenyewe. Mimi ndiye niliyeifanya nyumba isikalike. Na huyo mtoto, ningalipenda kumwona. Nisamehe, mwanangu."

Nengah alilia. Machozi yalimshuka mpaka kidevuni na hakuyafuta, lakini mdomo haukufunguka. Mzee alingoja. Nje honi ya pili ililia. Nilimkodolea mke wangu macho, nikasema moyoni, sema basi, mwanamke, umelitaka neno hili maisha yako yote, leo umelipata unafunga mdomo?

"Haya," mzee alisema polepole. "Ni haki yako. Mimi nilikunyamazia miaka." Akashika kikapu, akajiinua kwa goti moja, mifupa ikalia.

Hapo Nengah alinyoosha kidole. Hakunielekezea mimi wala mlango. Alielekeza ukutani.

Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa kumi na moja na dakika chache. Ndipo nikaelewa, na si asubuhi ile peke yake, nikaelewa na ya jana.

"Bapa, subiri," nilisema. Sikuwahi kumwita hivyo kabla. "Kwake Nyepi haijaisha. Anafuata saa ya hapa. Amebakiza saa nzima."

Mzee alitazama ukuta, akatazama mkono wake, akatazama ukuta tena.

"Na jana?" aliniuliza. "Niliponyamaza, kwake ilikuwa bado?"

"Ilikuwa bado."

"Akadhani nimekataa kumjibu."

"Kutwa nzima, Bapa. Na mimi nilidhani hivyohivyo."

Alibaki ameinama, mkono kwenye kikapu. Nje mtu aliniita jina, "Tarmuji, toka bwana, mizigo imejaa!" na feri ikapiga honi tena, ndefu, ya mwisho. Mlango ulikuwa wazi. Sasa hakuna sheria iliyomzuia, angeweza kwenda, na kusema kweli sidhani kama ningemlaumu.

Alikiweka kikapu chini. Alifungua mkanda wa saa yake, akaishika karibu na macho, akavuta kitufe cha pembeni kwa ukucha. Akauzungusha mshale mkubwa kwenda nyuma, duara zima, mpaka ukalingana na ule wa ukutani. Akaivaa tena. Kisha akakaa, safari hii hakulielekea dirisha. Alimwelekea mwanawe, akafunga mdomo, akaianza upya Nyepi aliyokuwa ameshaimaliza.

Saa ile ilikuwa ndefu kuliko siku nzima iliyotangulia. Walitazamana. Mimi sikujua pa kuweka macho yangu, nikayaweka kwenye jogoo. Feri ya kwanza iliondoka, nikaisikia ikiyakata maji. Waliendelea kuniita nje wakachoka, wakaniita majina mengine, wakaacha. Jua likaingia chini ya kitambaa likafika kwenye miguu ya mzee, nyayo zake pana zenye nyufa, na Nengah akaanza kulia tena, lakini sasa akitabasamu, na mzee akawa anatikisa kichwa taratibu kama anayemwambia ngoja, bado kidogo, ngoja.

Mshale ulipofika, Nengah alisafisha koo.

"Bapa bado anakunywa kahawa bila sukari?"

"Bila sukari."

Aliinuka kwenda kuwasha jiko. Mzee akanyanyua kidevu upande wangu. "Na huyu anakunywaje?"

"Huyu amefunga, Bapa. Mpaka magharibi. Na mimi pia."

Mzee alinitazama kama alivyonitazama jukwaani, kutoka chini hadi juu, ila mara hii aliishia usoni. Nje honi nyingine ililia.

"Watu wa Java," alisema. "Hata njaa yenu inachelewa." Akamgeukia mwanawe. "Acha moto. Nipe maji, na jogoo mpe mchele. Kahawa tutakunywa pamoja jioni."

Nengah aliketi palepale mlangoni mwa jikoni, kiberiti mkononi, akacheka na kulia kwa pamoja, nami nikavaa shati langu jekundu nikatoka, kwa sababu mtu mzima naye ana mahali pake pa kulia. Siku ile nilibeba mizigo mingi kuliko siku yoyote ya mwaka, kutoka stesheni hadi kwenye feri, kwenda na kurudi. Wa mkwe wangu haukuwamo.